SAD mwaka wa pili: tunachora mishale semista nzima, hivi huko kazini kuna mtu anaichora kweli?

#1 Binti_Bits
Wakuu habari zenu. Nipo mwaka wa pili IT, semista hii tuna uchambuzi na usanifu wa mifumo, ile SAD. Tangu tuanze hatujagusa kompyuta, ni kuchora tu, leo konteksti dayagramu (mfumo mzima boksi moja na walio nje yake), kesho DFD (mchoro wa taarifa zinavyotembea) levo 0, keshokutwa levo 1 yenye undani zaidi, tukimaliza ERD (mchoro wa majedwali ya data na uhusiano wake), halafu ghafla tunaambiwa wekeni pembeni hizo, sasa ni UML, aina nyingine ya michoro ya mifumo. Asaimenti ya mfumo wa duka la dawa nimepata 4 kati ya 10, eti nimechora miduara badala ya maboksi ya kona za mviringo, na mshale wangu mmoja umetoka kwa mteja ukaingia moja kwa moja kwenye hifadhi ya data. Mshale mmoja jamani! Huku wenzangu waliojifunza Python wenyewe gheto washaanza kupata vikazi vya hapa na pale. Nyie mlio kazini, haya madude mnayachora kweli au tunapotezewa muda? Na kwa nini somo lisilo na hesabu ndo linaongoza kwa sapu (mitihani ya marudio)?

#2 Simba wa Semista
Nimekaa siti ya mbele, nileteeni karanga.

#3 Fundi Mtambo
Mdogo wangu, huwezi kujenga nyumba bila ramani. SAD ndo ramani, kuandika programu ni kupanga tofali. Vumilia utaelewa mbele ya safari.

#4 Laini Mbili
#3 hiyo ya ramani na nyumba lazima kila mwaka mtu ailete, nahisi mnapewa pamoja na joho. Mbagala nyumba ngapi zimejengwa bila ramani na watu wanalala vizuri tu.

#5 Fundi Mtambo
Na mvua ikinyesha?

#6 Laini Mbili
Tunahamia kwa shemeji 😂

#7 Mama_Seva
Tuache utani kidogo, mtoto kauliza la maana. Kuhusu miduara nipo upande wako. Miduara ni ya kina DeMarco na Yourdon, boksi la kona za mviringo ni la Gane na Sarson, zote za miaka ya 1970 mwishoni na zote sahihi, cha msingi usizichanganye kwenye mchoro mmoja. Lekcha kama alitangaza mapema anataka Gane na Sarson basi sawa, kama hakutangaza kakuonea.

Ila ule mshale, hapo hakukuonea. Mteja yuko nje ya mfumo. Taarifa haitoki mdomoni kwa mteja ikaenda kulala yenyewe kwenye jedwali, lazima pawe na prosesi katikati inayopokea, inayokagua na inayokataa. Mchoro wako unasema mteja yeyote anajiandikia anachotaka kwenye stoo ya dawa na hakuna wa kumuuliza. Ushawahi kukutana na fomu ya mtandaoni inakubali umezaliwa mwaka kesho? Kuna mtu alichora mshale kama wako na hakuna aliyemkata alama.

#8 Binti_Bits
Asante dada Mama_Seva, hapo nimekuelewa. Sasa mbona darasani tumeambiwa tu ni marufuku, kama vile ni sheria ya barabarani? Hakuna aliyesema kwa nini.

#9 Chizi wa Data
Nikwambie ukweli wadau wasioutaka. Kozi imepitwa na wakati. Hizo DFD ni za enzi za COBOL, kompyuta moja inajaza chumba na mabosi wamevaa tai. Royce, injinia wa Marekani, mwaka 1970 akaja na wotafoli yake kwamba umalize hatua hii ndo uende ile, ukiteremka hurudi, vyuo vikaipenda kwa sababu inagawanyika vizuri kwenye wiki za semista. Dunia ikaamka, 2001 watu 17 wakakaa kule Utah, na tamko lao la Agile wakasema makaratasi basi, tuandike programu. Sisi bado tunachora. Soma Git, soma SQL, soma kuandika testi, SAD kariri upate C uende zako.

#10 Mzee Diski
Kijana #9 una kasi lakini umepakia vibaya. Royce kwenye ile karatasi ya 1970 neno wotafoli hakulitumia kabisa, lilikuja baadaye kwenye miaka hiyo hiyo ya 70, na alipochora hatua zake zimeshuka kama ngazi akasema papo hapo kwamba ukiifanya hivyo bila kurudi nyuma ni hatari na unaalika kufeli. Karatasi iliyobaki yote inaeleza namna ya kurudi. Watu waliangalia picha ya mwanzo wakafunga.

Na wale 17 wa Utah hawakusema makaratasi basi. Walisema programu inayofanya kazi wanaithamini kuliko makabrasha mengi, na wakaongeza hayo mengine nayo yana thamani yake. Kuthamini zaidi hiki siyo kutupa kile. Nimekaa na timu zinajiita Agile ambazo hazina hata ukurasa mmoja unaosema mfumo unafanya nini, siku mtu mmoja akiacha kazi wanaanza kumpigia simu usiku.

#11 Simba wa Semista
Shikamoo mzee.

#12 Mzee Diski
Marahaba. Karanga zako zimefika?

#13 Chizi wa Data
Sawa mzee nakubali ya Royce. Ila hoja yangu iko palepale, kinachofundishwa darasani ni ile picha ya mwanzo, siyo karatasi nzima. Kwahiyo tatizo ni mtaala.

#14 Kamaradi_Eldoret
Habari za Bongo. Mimi niko Kenya na niwaambie hata huku hiyo yuniti inamaliza watu, na sisi mtihani wa mwisho ni 70 na kazi za darasani 30, kwa hivyo hata ukichora mishale mizuri aje semista yote, siku moja inaamua. Lakini mimi naona shida si mtaala kuzeeka. Shida ni kwamba hakuna mteja. Unaambiwa kusanya mahitaji ya mfumo wa maktaba, utakusanya kwa nani? Unakaa hosteli unajiuliza wewe, unajijibu wewe, halafu unaandika eti mtumiaji alihojiwa. Mimi nilianza kuelewa hii kitu nilipoenda atachi, yaani mafunzo kazini, kwa sacco moja ya wakulima wa maziwa, mama wa kaunta akaniambia fomu niliyochora ni nzuri sana isipokuwa haina mahali pa kuandika mtu ambaye amekuja kulipia deni la shemeji yake. Na hao ndio wengi.

#15 Laini Mbili
Sisi ni darasani 40 kwa mtihani 60, tunawazidi huruma 😂 karibu Bongo kamaradi.

#16 JuniaAnalisti
Naunga mkono #14. Fildi nilikuwa kwenye hospitali moja (siitaji), tukaambiwa tuchambue stoo ya dawa. Supavaiza akatupeleka kwa mkuu wa kitengo, akatuelezea safi kabisa, daktari anaandika, karatasi inaenda dirishani, mgonjwa analipa, anapewa dawa, stoo inapungua. Tukachora DFD ya kupendeza, levo 0 na levo 1 zinalingana, kila mshale unaoingia juu upo na chini.

Tukakaa dirishani kuangalia. Kumbe kuna daftari. Lina jalada la pundamilia, linakaa chini ya kaunta, humo wanaandika wagonjwa waliopewa dawa usiku kabla ya malipo, dawa zilizoazimwa wodini, na dawa zilizokaribia kuisha muda ambazo wanataka zitoke kwanza. Bosi halijui, au analijua na hataki kulisema mbele ya wanafunzi. Hesabu ya kweli ya stoo ilikuwa kwenye lile daftari. Mfumo wa kompyuta ungewekwa kwa mchoro wetu wa kwanza, wiki ya kwanza tu namba zisingekubaliana na rafu, na wangesema kompyuta ni mbovu.

#17 Chizi wa Data
Story nzuri ila hiyo siyo SAD, ni akili ya kawaida tu. Mtu yeyote mwenye macho angeliona daftari.

#18 JuniaAnalisti
Mbona waliotangulia hawakuliona? Tulipewa ripoti ya wanafunzi wa mwaka uliopita wa kitengo hichohicho, daftari halimo. Wao walimhoji bosi wakaondoka. Kwenye kozi wanakufundisha njia za kukusanya taarifa, kuhoji, dodoso, kusoma nyaraka, kukaa na kutazama kazi, sisi tunazikariri kama orodha ya mtihani na kwenye kutazama kila mtu anaandika eti inachukua muda mrefu. Ndiyo inachukua, kwa sababu ndo inayoleta daftari.

#19 Mchora_Mishale
Mimi ni msaidizi wa lekcha, chuo sitaji, na nasoma huu uzi nikiwa na marundo ya asaimenti pembeni. Darasa moja la mwaka wa pili linajaza ukumbi hadi watu wanakaa kwenye ngazi. Niwatafutie wote wateja wa kweli wapi? Na nitasahihishaje kama kila kundi lina mteja wake na ukweli wake? Kitu ninachoweza kusahihisha kwa haki na kwa haraka ni sheria za mchoro. Prosesi ina mshale wa kuingia na haina wa kutoka, kata. Ina wa kutoka na haina wa kuingia, kata. Hifadhi mbili zimeunganishwa bila prosesi, kata. Siyo kwamba hatujui umuhimu wa mteja, ila wingi wa watu unachagua nini kitapimwa, na kinachopimwa ndo kinachosomwa.

Halafu nanyi mjisemee ukweli. Nimesahihisha mfumo wa duka la dawa wenye ukurasa unaozungumzia ndege na abiria, kwa sababu mtu alikopi ripoti ya mfumo wa tiketi akasahau kubadilisha katikati.

#20 Laini Mbili
Dawa za kusafiria hizo mkuu 🤣🤣

#21 Binti_Bits
#19 nimekuelewa, ingawa bado nataka alama zangu. Sasa swali la kweli, kwenye ERD ya duka langu nilikuwa na DAWA, MAUZO, na katikati MSTARI_WA_MAUZO (kila dawa iliyomo kwenye mauzo). Bei niliiweka kwenye DAWA, kwenye mstari nikaiweka tena. Mwenzangu wa kundi akasema hiyo ni data kujirudia, haipo 3NF (kanuni ya kupanga majedwali data isijirudie), tukaitoa kwenye mstari. Lekcha akaweka alama ya kuuliza tu bila maelezo. Nani yuko sahihi?

#22 Chizi wa Data
Mwenzako. Bei inaitegemea dawa, ikae kwenye DAWA, ukirudia utakuja kubadilisha sehemu moja usahau nyingine. Hiyo ndo maana halisi ya alichoanzisha Codd, yule baba wa hifadhidata za majedwali.

#23 Mama_Seva
Hapana, #22 hapo umeteleza. Panadol leo ni 100, mwezi ujao ni 150. Bei ikikaa kwenye DAWA peke yake, ukibadilisha leo risiti zote za zamani nazo zinabadilika, mteja aliyelipa 100 kompyuta inasema alilipa 150, hesabu za mwezi uliopita zinavurugika na mkaguzi akija utaongea lugha zote. Bei ya sasa na bei iliyouzwa siku ile ni taarifa mbili tofauti, zimefanana namba tu. Ya kwanza inaitegemea dawa, ya pili inategemea mauzo yale ya dawa ile. Kwahiyo binti ulikuwa sahihi na 3NF haijavunjwa. Irudishe, iite BEI_ILIYOUZWA, lekcha atafuta alama yake ya kuuliza.

#24 Binti_Bits
🙌🙌 naiscreenshoti hii namtumia mwenzangu sasa hivi

#25 Chizi wa Data
Nimekubali hiyo. Ila angalia, hilo hujalipata kwenye mchoro, umelipata kwa sababu umefanya kazi na maduka. Ndo ninachosema mimi.

#26 Fundi Mtambo
Wanaosema SAD haina kazi wakasome habari ya gari za wagonjwa London, Oktoba 1992. Waliwasha mfumo wa kompyuta wa kupanga gari, ukaanguka, gari zikachelewa au zinaenda mbili sehemu moja, watu wakahangaika. Na yote kwa sababu programa mmoja alisahau kipande cha programu kinachokula memori.

#27 Mzee Diski
Mkuu unachanganya siku mbili. Memori ilikuwa tarehe 4 Novemba 1992, kipande kilichosahaulika kila gari ikitumwa kinashika memori kidogo na hakiachii, baada ya wiki kadhaa sava ikagoma. Ile ya tarehe 26 Oktoba ni kitu kingine na ndo kinachowahusu wanafunzi wa SAD. Siku ile kompyuta kwa sehemu kubwa ilifanya ilichosanifiwa kufanya. Usanifu ndo ulidhani kwamba muda wote mfumo utajua kila gari iko wapi na inafanya nini, karibu bila kosa. Taarifa zilipokuja pungufu, dereva kabonyeza kitufe siyo, redio haikamati vizuri, mfumo ukawa unatuma gari isiyo sahihi, unatoa ujumbe wa hitilafu, ujumbe unarundikana hadi unaficha ule muhimu, watu wanapiga simu mara ya pili, mzigo unaongezeka. Walirudi kwenye karatasi. Ripoti ya uchunguzi ilitoka Februari 1993, vyuo vingi duniani wanaifundishia.

#28 JuniaAnalisti
Yaani ni daftari la pundamilia tena, hakuna aliyekaa na madereva vya kutosha.

#29 Mzee Diski
Si wao peke yao, muda nao ulikuwa mfupi na bei ya zabuni ilikuwa ya chini mno. Usitafute mkosaji mmoja.

#30 Laini Mbili
Mi narudi kwenye swali la sapu maana hamjalijibu. Somo halina hesabu lakini linaua. Mimi nilipata sapu na sababu naijua: Kiingereza. Mtihani unakupa kesi ukurasa mzima na zaidi, kampuni fulani inakodisha magari, mteja akija hivi kama siyo vile isipokuwa pale ambapo, halafu unaambiwa toa prosesi na entiti (vitu vya kuwekewa jedwali) humo. Kwenye programu ukikosea kompyuta inakwambia mstari wa ngapi. Hapa ukikosa kuelewa neno moja la isipokuwa, mchoro mzima umeenda na hujui. Kuna watu kwenye Java ni moto wa kuotea mbali, wakipewa ile stori wanatoka jasho.

#31 Mchora_Mishale
Kuna ukweli. Ila nimeona pia wanaokijua Kiingereza vizuri wanafeli, wanachukua kila nomino wanaigeuza entiti. Mpaka mkurugenzi wa kampuni anakuwa jedwali lenye mstari mmoja.

#32 Kamaradi_Eldoret
Sisi huku Kiingereza tunaongea kutoka chekechea na bado tunapigwa, kwa hivyo sidhani ni hiyo. Ni kutokuwa na jibu moja. Mtu ametoka sekondari amezoea jibu lipo nyuma ya kitabu.

#33 Laini Mbili
Kamaradi mmejuaje ni Kiingereza mnachoongea 😂

#34 Kamaradi_Eldoret
Wacha tu, na hicho Kiswahili chenu cha "gheto" nacho tutakikagua.

#35 Mama_Seva
Binti, nikupe zoezi kabla hamjapigana. Chora konteksti dayagramu ya mfumo wa ada wa chuo chako. Unaomba bili, mfumo wa chuo unaiombea kontro namba kwenye GePG (mfumo wa serikali wa kupokea malipo), namba inarudi, unalipa kwa simu au benki, taarifa ya malipo inarudi chuoni kupitia GePG, jina lako linatoka kwenye wadaiwa. Niambie GePG inakaa wapi kwenye mchoro, na benki inakaa wapi.

#36 Chizi wa Data
GePG ni prosesi, maana ndo inatoa namba. Benki ni entiti ya nje.

#37 Binti_Bits
Mimi naona GePG ni ya nje, kwa sababu mfumo tunaouchora ni wa chuo, GePG chuo hakiwezi kuibadilisha kitu. Na benki… sijui, ya nje pia?

#38 Mama_Seva
GePG umepata. Ungekuwa unaichora GePG yenyewe, chuo ndo kingekuwa nje. Benki sasa, jiulize, je inaongea na mfumo wa chuo? Kama taarifa ya malipo inakuja kupitia GePG, mshale wa benki kwenda chuoni unautoa wapi?

#39 JuniaAnalisti
Dada hapo nakupinga kidogo. Nikimpelekea mhasibu mchoro usio na benki atanirudisha. Kila mwisho wa mwezi anakaa na taarifa ya benki analinganisha na mfumo. Hiyo taarifa inaingia, hata kama ni kwa karatasi.

#40 Mama_Seva
Kama ulinganisho unafanyika ndani ya mfumo, benki inaingia. Kama anafanya kwenye Excel yake pembeni, haimo.

#41 JuniaAnalisti
Anafanya kwenye Excel na ndiyo maana wanataka mfumo mpya 😅

#42 Chizi wa Data
Mnaona? Watu wawili wa kazini, mchoro wa maboksi matatu, hawajakubaliana. Na alama nani atampa nani?

#43 Mzee Diski
Wamekaa dakika kumi wanabishana kama ulinganisho umo ndani au nje. Ukianza kuandika programu bila ubishi huo, utaugundua mhasibu akishakataa kusaini.

#44 Chizi wa Data
Mzee ubishi huo unaweza kufanyika kwenye ubao mweupe na peni, hauhitaji semista nzima na sapu.

#45 Fundi Mtambo
Kujibu swali la mleta uzi, kazini kwetu hakuna anayechora DFD levo 2 toka nianze. Konteksti tunachora, ERD tunachora kila mara, mtiririko wa kazi tunachora, yuzi kesi (mtumiaji anavyoutumia mfumo hatua kwa hatua) tunaandika kwa maneno tu. UML kamili nimeiona kwenye zabuni za serikali na za wafadhili.

#46 Mama_Seva
Kwetu DFD imerudi kupitia watu wa usalama na wa ulinzi wa taarifa binafsi. Tangu ije ile sheria ya 2022 kila mteja anauliza taarifa zinatoka wapi zinaenda wapi na nani anazishika. Hiyo ukitaka kuijibu utachora nini?

#47 Chizi wa Data
Jedwali la Excel.

#48 Simba wa Semista
Karanga zimeisha. Wakuu nje ya mada, kuna mtu anauza laptopu yenye RAM 8 isiyozidi laki nne na nusu? Betri hata kama imechoka.

#49 Laini Mbili
Ipo ya kwangu, kibodi herufi E haifanyi kazi. Utachora DFD bila shida, ERD ndo itakusumbua.

#50 Binti_Bits
😂😂 Jamani ahsanteni. Nimeenda kwa msaidizi wa lekcha na bei ya #23, kaniongezea moja, nina 5. Kuhusu miduara kasema nimsubiri lekcha mwenyewe Jumatatu. Kuna mwenye past pepa za SAD za miaka ya nyuma, hasa swali la kukodisha magari?

#51 Kamaradi_Eldoret
Niko nayo lakini ya huku, ni ya hosteli si magari. Nikutumie inboksi?